Lumeni za Boksi Hazimuliki Njia

(Mazungumzo haya yalisomwa katika kipindi chetu cha redio cha kila wiki. Tunayachapa kwa ajili ya walioyakosa, na kwa wale wanaopenda kuyasoma kwa utulivu.)

Msikilizaji mpenzi, wiki hii nataka tuzungumze juu ya tochi. Najua wapo watakaouliza: hivi tochi nayo ni jambo la kupewa dakika za redio? Naam, ni jambo. Mlinzi anayezunguka ukuta saa nane za usiku, mkunga aliyekatikiwa umeme wakati kazi imefika katikati, mama anayemsindikiza mtoto kwenye choo cha uani, dereva aliyepasukiwa tairi mbali na mji, wote hawa hukabidhi usalama wao kwa kitu hicho kidogo kinachoshikika kiganjani. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta pale Nairobi ukakumbwa na giza. Usiku kama huo ndipo mtu anapojua kama alinunua tochi au alinunua boksi.

Pita Kariakoo leo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, utazikuta zimepangwa kama samaki mnadani. Boksi moja limeandikwa lumeni 20,000, la pili 50,000, la tatu 100,000. Ukifungua ndani unakuta betri ya kuchaji iliyoandikwa 9900 mAh. Bei yake haizidi ya kuku mmoja wa kienyeji. Muuzaji anaiwasha machoni mwako mchana kweupe, unaona nyota, na fedha zinatoka mfukoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tochi hizi zinajitembeza kwa tarakimu.

Basi tuzichambue tarakimu hizo. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga wote unaotoka katika taa. Balbu ile ya zamani ya waya unaowaka, ya wati 60, ilitoa lumeni 700 hadi 800 hivi. Kwa hiyo anayekuuzia lumeni 100,000 anakuambia kwamba kiganjani mwako umeshika balbu zaidi ya 120. Je, umeme wa kuwasha balbu zote hizo unatoka wapi?

Hapo ndipo penye jibu la mambo yote. Tochi nyingi ndogo zenye nguvu hutumia betri ya lithiamu iitwayo 18650. Jina hilo ni vipimo vyake tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Betri nzuri ya umbo hilo huwa na ujazo wa kati ya 2500 na 3500 mAh, na zilizo bora kupita zote zinagusa 4000. Haijawahi kuwako ya 9900. Chukua ile ya 3500, zidisha kwa volti zake 3.6, unapata nishati ya wati 12 na nusu hivi kwa saa moja. Hiyo ndiyo bajeti yako yote ya usiku. Taa ya LED ya tochi, tukihesabu na upotevu wa njiani, hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Hivyo ukitaka lumeni 1000 unatumia wati 10, na betri itadumu saa moja na robo. Ukiridhika na lumeni 300 utapata saa nne na zaidi. Ukishusha hadi 30, ambazo zinatosha kabisa kutembea uani, unaweza kumaliza usiku tatu hujaichaji.

Sasa rudi kwenye lumeni 100,000. Zinahitaji wati 1000, yaani nguvu ya pasi ya umeme. Betri yetu ingekwisha kwa sekunde 45. Tena kwa volti 3.6, umeme unaopita ungezidi ampea 270, na fyuzi ya plagi ya nyumbani kwako ni ampea 13. Ule waya mwembamba wa ndani ya tochi ungeyeyuka kabla hujasema bismillahi. Hakuna haja ya maabara wala profesa. Hesabu ya darasa la saba inatosha kumweka muuzaji mahali pake.

Tusiilaumu teknolojia yenyewe, maana ni ya ajabu kweli. Hataza ya tochi ya mkono ya Mwingereza David Misell ilitolewa Marekani mwaka 1899, na kwa takriban miaka mia moja baadaye tochi ilibaki kuwa balbu ya waya na betri kavu. LED nyekundu ya kwanza kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini nyekundu haimuliki njia. Ilibidi ipatikane ya buluu. Mwaka 1993 Mjapani Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia akaitoa yenye mng'ao mkali, na mwaka 1996 kampuni hiyo ikaanza kuuza LED nyeupe. Siri yake ni kwamba punje ya ndani hutoa buluu, kisha utando wa manjano ulioifunika hugeuza sehemu ya buluu hiyo, na macho yetu yakiona rangi hizo zimechanganyika yanasema ni nyeupe. Nakamura na wenzake Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Punje hiyo yenye upana wa milimita 3 na nusu tu leo inatoa mwanga ambao babu zetu wangeuona miujiza.

Lakini miujiza hiyo ina mgonjwa mmoja, naye ni joto. Katika wati 10 unazoipa LED, theluthi moja hivi ndiyo inayotoka kama mwanga. Wati sita au saba zilizobaki ni joto, na joto hilo linakaa ndani ya kipande cha chuma chenye ukubwa wa muhogo mdogo. Pasi ya kulehemu ya fundi redio ni ya wati 25 au 30. Kwa hiyo unashika kama robo ya pasi ya fundi. Tochi iliyotengenezwa kwa akili hujipima joto na kujishusha yenyewe baada ya dakika chache. Ya ovyo huendelea kuwaka mpaka punje inafifia, inageuka rangi ya samawati, inakufa. Ndiyo maana tochi ndogo ya betri moja ya 18650, hata iwe bora vipi, inaweza kudumisha lumeni 300 hadi 500 hivi. Zile 1000 na zaidi ni za kurusha kwa muda mfupi, kama mtu anayekimbia mita mia.

Ili kuondoa ubabaishaji huo, mwaka 2009 ilitolewa Marekani kanuni ya kupimia tochi iitwayo ANSI FL 1. Ukiikuta kwenye boksi, ina maana lumeni zimepimwa tochi ikiwa imeshawaka angalau nusu dakika, si pale inapolipuka tu. Umbali wa mwanga ni ule ambao mwale umefifia mpaka kulingana na mbalamwezi. Na muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke na kubaki asilimia 10. Hapo pia fungua macho: tochi inaweza kuanza na lumeni 1000, ikashuka hadi 300 baada ya dakika tatu, na boksi bado likaandika saa kadhaa pasipo kusema uongo. Uliza inadumu na lumeni ngapi, usiulize inaanza na ngapi.

Ndugu msikilizaji, tukishayajua hayo, kuchagua kunakuwa rahisi. Kwanza, nunua tochi inayofunguka na kutoa betri, nayo iwe ya kipimo cha kawaida: 18650, au 21700 ambayo ni nene kidogo na hubeba 4000 hadi 5000 mAh. Iliyogandishwa betri ndani, betri ikifa na yenyewe imekufa. Pili, iwe na ngazi tatu au nne za mwanga, na ya chini iwe ya chini kweli, lumeni kumi au pungufu. Madoido ya kumetameta kama disko hayana kazi kwa mtu mwenye shughuli. Tatu, jua unataka mwanga uende mbali au utandae. Mlinzi wa uwanja mpana anahitaji kikombe kirefu na laini kinachokusanya mwanga. Wa nyumbani anahitaji kikombe chenye vinundu kama ganda la chungwa, ambacho hutandaza mwanga bila madoa. Zile za kuvuta mbele na nyuma hupoteza mwanga mwingi zinapovutwa, na maji huingia kirahisi pale zinapoteleza. Tena kumbuka kwamba kuongeza umbali mara mbili kunataka mwale wenye nguvu mara nne. Jicho letu nalo halihesabu kama mwenye duka: lumeni zikiongezwa mara mbili, tofauti unayoiona ni kiasi tu.

Nne ni rangi ya mwanga, na hapa wengi hawafiki. Mwanga hupimwa kwa kelvini. Ule mweupe unaoelekea buluu ni 6500. Ule wa 4000 hadi 5000 umetulia zaidi. Lakini kuna kipimo kingine kinachosema taa inaonyesha rangi za vitu kwa uaminifu kiasi gani, jua likiwa 100. LED nyingi za bei nafuu hupata 70 hivi, na kinachokosekana hasa ni wekundu. Fundi umeme aliye juu ya dari anayetenganisha waya mwekundu na wa kahawia, muuguzi anayetazama kidonda au damu, wote wanahitaji 90 na kuendelea. Watapoteza lumeni kidogo, lakini wataona. Kumulika bila kuona ni kupoteza betri.

Sasa tuje kwenye kurekebisha. Mafundi wetu wa mitaani wana mikono mizuri, nami sioni kwa nini tochi yenye mwili mzuri wa aluminiamu itupwe kwa sababu ya upungufu wa ndani. Zipo zilizotengenezwa karibu kwa makusudi ya kufunguliwa. Ile ya Kichina iitwayo Convoy S2+, kwa mfano, inapendwa duniani kote kwa sababu kila kipande chake hutoka na kubadilishwa. Lakini nawaomba marekebisho yafuate utaratibu, kuanzia la bei ndogo hadi la hatari.

Rekebisho la kwanza ni betri. Itoe ile ya 9900 uitupe nje ya maisha yako. Betri halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi. Zipo za bandia zenye gramu 30 au pungufu, ndani mkiwa na kibetri kidogo kilichozungukwa na unga mkavu au hewa tupu. Kabla ya kulipa, mwombe sonara au muuza viungo jirani akupimie. Mzani haujui kubembelezwa.

La pili ni usafi wa njia ya umeme. Futa nyuzi za skrubu na ncha za betri kwa kitambaa chenye spiriti. Kisha tazama springi iliyo chini ya betri. Springi hizo ni za chuma chenye ukinzani, na ampea mbili au tatu zikipita hupotea volti ambazo huna za kupoteza. Fundi achukue kipande cha waya laini wa shaba, akilehemu toka kichwa cha springi hadi kitako chake, akiacha ulegevu ili springi iendelee kucheza. Ni kazi ya dakika tano.

La tatu ni njia ya joto. Punje ya LED imeketi juu ya kibamba kidogo cha chuma. Katika tochi za ovyo kibamba hicho huelea juu ya ukingo mwembamba, na joto halina pa kukimbilia. Pachikwe kibamba cha shaba nyekundu, chini yake pakwe grisi maalumu ya kupitisha joto, ile ile ambayo mafundi wa kompyuta hupaka chini ya feni, kwa tabaka jembamba kama siagi ya mtu bahili. Kikombe cha mwanga kikirudishwa, hakikisha hakigusi ncha za waya, maana kikigusa ni shoti.

La nne ni kubadili punje yenyewe, ukitaka rangi tulivu. Hapa pana masharti mawili. Umbo lilingane, na volti zilingane: zipo punje za volti 3, za 6 na za 12, na zinaweza kufanana kwa sura. Asiyeuliza ataunguza.

La tano ni umeme unaoingia kwenye punje, na hapa nataka niseme jambo ambalo vijana wengi hawalipendi. Wao humwambia fundi aongeze. Mimi nasema, mara nyingi rekebisho bora ni kupunguza. Saketi nyingi za tochi nafuu hutumia vipande vidogo viitwavyo AMC7135, kila kimoja kikipitisha miliampea 350. Vikiwa vinane, ni ampea 2.8, na betri ya 3500 inadumu saa moja na robo. Viondolewe vinne, inabaki ampea 1.4, na betri inadumu saa mbili na nusu. Je, mwanga utashuka nusu? Hata nusu haufiki, kwa sababu LED iliyopoa hufanya kazi kwa ufanisi zaidi. Jicho litaona upungufu kidogo tu, mkono hautaungua, na punje itaishi miaka. Kwa mlinzi wa saa kumi na mbili, huo ndio utajiri.

Na la mwisho, ambalo halihitaji fundi: kama mwale ni mkali mno kwa chumbani, kata kipande cha karatasi ya plastiki yenye ukungu, ile inayobandikwa kwenye madirisha ya ofisi, ukiweke juu ya kioo. Mwale unageuka kuwa taa. Simamisha tochi juu ya meza ikiangalia dari nyeupe, na familia nzima itakula bila kutafuta mboga kwa vidole.

Sitafunga mazungumzo haya bila kusema juu ya moto, maana betri ya lithiamu si betri kavu ya redio. Ikichajiwa huishia volti 4.2, isizidi hapo. Ikishuka chini ya 2.5 na kukaa hivyo, usiifufue. Imekwisha, na kuichaji ni kucheza na hatari. Iliyochanika ngozi, iliyobonyea au iliyovimba isirudi ndani ya tochi. Usiichaji kitandani wala ukiwa umelala, na usiitembeze mfukoni pamoja na sarafu au funguo, kwani vikiunganisha ncha zake mbili suruali itashika moto. Betri zilizotolewa katika kompyuta chakavu zinaweza kufaa, lakini fundi azipime kwanza kwa mita, na kwenye tochi ya betri mbili zisichanganywe mpya na kuukuu. Ikifa isichomwe jalalani. Na tochi ikiwa mkobani, legeza kidogo kifuniko cha nyuma. Kwenye nyingi hilo hukata umeme, isijiwashe ndani ya nguo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe sawa, lakini kwa tochi nawaomba radhi: msiochagua ndio mnaobaki gizani. Kesho ukifika dukani, usiulize ina lumeni ngapi. Mwambie muuzaji, "Ifungue, nione betri." Akikataa kuifungua, ameshakujibu.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, nawatakia usiku mwema.